Mtandao wa uzi mmoja: funzo la Mwihoko kwa sisi wa Pwani

Mwezi uliopita nilikwenda Mwihoko kumjulia hali mpwa wangu. Kwa msomaji asiyepajua, Mwihoko ni wadi ya eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Unashuka Githurai 45 kwenye barabara kuu ya Thika, unapanda matatu nyingine, unapita magorofa yaliyobanana na nguzo za stima zilizobeba nyaya za intaneti hadi zimeinama. Jina lenyewe ni la Kikikuyu, na maana yake ni tumaini. Kijana wetu alihamia huko kutafuta riziki, na Alhamdulillahi ameipata.

Ana duka la huduma za kompyuta chini ya gorofa moja. Juu yake ipo zahanati ndogo ya mtu binafsi, na mkabala nayo ofisi ya chama cha akiba na mikopo. Wote watatu wanatumia laini moja ya intaneti, na yeye ndiye fundi wao. Siku niliyofika, saa tatu asubuhi, nilimkuta amelala kifudifudi chini ya meza, tochi mdomoni.

"Asalam aleikum mjomba," akaniambia bila kuinuka. "Niwie radhi. Mtandao umekufa na sijui umekufia wapi."

Stima ilikuwapo. Taa ya faiba ilikuwa kijani. Ruta ilikuwa inawaka. Swichi zake zote tatu zilikuwa zinawaka, tena taa zake zikipepesa zote kwa pamoja kwa kasi ya ajabu, kama taa za nyumba ya harusi. Lakini hapakuwa na kompyuta hata moja iliyofungua ukurasa. Kule juu, mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, kwa sababu mhudumu hakuweza kuingia kwenye mfumo wa bima ya afya kumthibitisha, naye hakuwa na pesa taslimu za kulipa.

Tuliipata kasoro baada ya swala ya adhuhuri. Jioni iliyotangulia, aliyekuwa akisafisha chumba aliona ncha ya waya imelala sakafuni. Akadhani imechomoka, na kwa nia njema kabisa akaichomeka kwenye tundu la karibu. Basi. Swichi mbili zilizokuwa zimeunganishwa kwa waya mmoja zikawa zimeunganishwa kwa nyaya mbili. Mpwa wangu alipouchomoa ule wa pili, sekunde chache tu, kila kitu kikarudi. Yule mama alikuwa ameshaondoka na mwanawe.

Kilichonishughulisha zaidi ni alichoniambia tukinywa chai. Wiki moja kabla, panya aliutafuna waya uleule mmoja wa awali uliounganisha swichi hizo, na zahanati ikakaa nusu siku bila mtandao. Yaani mara ya kwanza walikwama kwa kukosa waya wa pili, na mara ya pili wakakwama kwa kuwa na waya wa pili.

Kitendawili hiki cha Mwihoko ndicho ninachotaka tukizungumze leo, kwa sababu si cha Mwihoko peke yake. Ni cha Likoni, Majengo, Malindi, Kwale na Lamu, na kitatukuta sote kadiri serikali inavyozidi kuhamishia maisha yetu kwenye mitandao.

Huduma zimehama, njia haijapanuliwa

Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye jukwaa la eCitizen. Mwezi uliofuata jukwaa hilo likalemewa na shambulio la mtandaoni, aliyekuwa waziri wa mawasiliano Eliud Owalo akakiri, na kwa siku kadhaa wananchi wakahangaika. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF, na zahanati ikawa haiwezi kumthibitisha mgonjwa bila mtandao. Mpango wa serikali unaahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi nchini.

Mimi siipingi mipango hii. Vijana wetu wanaihitaji. Ila katika hotuba zote za uzinduzi tunaambiwa idadi ya kompyuta na kasi ya intaneti. Ni nadra mtu kuuliza swali la fundi: kifaa kimoja kikifa ndani ya chumba kile, ni nani atakayebaki anafanya kazi? Nimeingia katika ofisi nyingi za umma hapa Pwani na picha ni ileile: laini moja, ruta moja, swichi moja, zote kwenye soketi moja ya ukutani. Hapo kuna mnyororo, na mnyororo hukatika kwenye pete iliyo dhaifu.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Chukua vifaa vitatu vilivyofuatana, na kila kimoja kiwe kinafanya kazi asilimia 99 ya wakati. Asilimia 99 inasikika vizuri, lakini ni sawa na kukosa huduma siku tatu na nusu hivi kwa mwaka. Vikifuatana vitatu, inakuwa karibu siku 11 kwa mwaka. Sasa geuza: badala ya kimoja, weka viwili sambamba, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kubeba kazi ya mwenzake. Muda wa vyote viwili kufa kwa pamoja unashuka hadi chini ya saa moja kwa mwaka. Tofauti ya siku na dakika ndiyo faida ya akiba. Lakini hesabu hiyo ina sharti mbili: kwanza, viwili hivyo visiwe vinaweza kuuawa na jambo moja; pili, viwe vinajua kupokezana. Mwihoko walikosa sharti la pili. Sisi Pwani mara nyingi tunakosa la kwanza.

Kwa nini waya wa pili uliua mtandao

Swichi ninayoizungumza si ile ya taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta, kamera, mashine za kuchapa na ruta katika mtandao wa waya, ule unaoitwa Ethaneti, ambao ulianzia mwaka 1973 kwa kazi ya Robert Metcalfe katika maabara za Xerox huko Marekani. Swichi hujifunza yenyewe kifaa gani kipo kwenye tundu gani. Ikiletewa ujumbe wa kifaa inachokijua, huupeleka kwenye tundu lake tu. Ikiletewa ujumbe wa kifaa isichokijua, au tangazo la wote, huusambaza kwenye matundu yote isipokuwa lile ulikotokea.

Sasa fikiria wapiga mbiu wawili, kila mmoja ameamriwa kuitangaza kila mbiu aisikiayo. Mmoja akipiga, wa pili anaisikia na kuirudia. Wa kwanza anaisikia tena, naye anairudia. Mji mzima utakesha ukisikia mbiu moja ileile, na jambo jipya halitasikika. Ndivyo inavyokuwa swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili bila mpango. Ujumbe unatoka kwa waya wa kwanza na kurudi kwa wa pili, unazunguka kwenye kitanzi, na kila mzunguko unazaa nakala. Barua za intaneti zenyewe zina hesabu ya umri inayopungua kila zinapopita ruta, mpaka zikafa. Ujumbe wa Ethaneti hauna umri. Hufi mpaka mtu achomoe waya. Ndiyo maana taa za mpwa wangu zilikuwa zinapepesa kama harusi.

Dawa ya kitanzi hiki ina umri wa miaka 40. Mwaka 1985 mhandisi Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni kanuni ya kuzifanya swichi zikubaliane zenyewe. Wazo lake limetokana na mti. Katika mti, kutoka tawi moja hadi jingine kuna njia moja tu. Matawi hayaungani tena yakafanya duara. Basi swichi zinapeana habari, zinachagua mojawapo iwe shina, kila moja inatafuta njia fupi ya kulifikia shina, na nyaya zote za ziada zinalazwa usingizi. Hazikatwi. Zinalala zikisikiliza. Waya wa kazi ukikatika, ule uliolala huamka na kuchukua mzigo. Wapwani tunaopenda tungo tutafurahi kujua kwamba Perlman aliieleza kanuni hiyo pia kwa shairi fupi.

Kanuni ya zamani, inayoandikwa STP, ilichukua hadi sekunde 50 kuamsha njia ya akiba. Toleo jipya lililotoka mwaka 2001, RSTP, hufanya hivyo kwa sekunde chache au pungufu ya sekunde moja. Lakini swichi za bei rahisi kabisa, zile mtu anachomeka tu na kuondoka, kwa kawaida hazina kanuni hii. Za mpwa wangu zote tatu zilikuwa za aina hiyo.

Kwa sisi Waislamu mfano upo karibu zaidi. Imamu akitengukwa na udhu katikati ya swala, jamaa hawatawanyiki. Aliye nyuma yake husogea mbele na swala inaendelea. Hilo linawezekana kwa sababu mbili: nyuma ya imamu pamesimama mtu anayeweza kuongoza, na kila mtu anajua nani atasogea. Wangesogea watatu kwa mpigo, ingekuwa fujo. Akiba bila utaratibu ni hiyo fujo.

Hata wakubwa wamezama

Asije mtu akasema haya ni mambo ya duka la Mwihoko. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, mojawapo ya hospitali mashuhuri za mafunzo Marekani, ilipoteza mtandao wake kwa takriban siku nne. Madaktari na wauguzi walirudi kwenye karatasi, na wako waliokuwa hawajawahi kuandika maagizo ya dawa kwa mkono tangu waanze kazi. Chanzo kilikuwa vitanzi. Mtandao ulikuwa umekua kipande kwa kipande, swichi ikiungwa kwenye swichi nyingine, mpaka ukavuka ukubwa ambao kanuni ya mti ilibuniwa kuumudu. Mzigo mkubwa wa data ulipoingia, swichi zikashindwa kupeana habari kwa wakati na nyaya zilizolala zikaamka zote. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo, John Halamka, hakuficha. Alisimulia hadharani kilichotokea ili wengine wajifunze.

Na sharti lile la kwanza, kwamba vitu viwili visiuawe na jambo moja, hilo sisi watu wa bahari tunalijua kwa machungu. Ndugu zetu wa Unguja walitegemea kebo moja ya umeme chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kama mwezi mzima. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hii likadumu hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, hoteli zikaendeshwa kwa jenereta. Kebo mpya yenye nguvu zaidi ilikuja kuzinduliwa mwaka 2013.

Hapa Mombasa tuna bahati ya kuwa mlango wa intaneti ya Afrika Mashariki. TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Ungedhani tumejikinga. Lakini Februari 2012, kebo kadhaa zikiwa tayari zimekatika katika Bahari ya Sham, meli moja ikatia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari yetu na kuikata TEAMS. Intaneti ya eneo zima ikawa ya kukwamakwama. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na jirani zetu wengine wakaumia pamoja. Majina mawili, makampuni mawili, lakini njia yao baharini ilikuwa karibu kama nyayo za mtu mmoja.

Kosa la tatu ni akiba isiyojaribiwa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una jenereta, lakini jenereta iliyotakiwa kuhudumia sehemu ya majengo yake ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alilazimika kuomba radhi. Jenereta ilikuwapo. Pesa zilikuwa zimelipwa. Kilichokosekana ni kuwaka siku ile.

Tufanye nini katika chumba kidogo

Baada ya chai tulikaa na mpwa wangu na karatasi. Mimi ni mtu wa diploma ya ufundi, si mhandisi mkubwa, lakini haya yanatosha kwa saiba, zahanati, shule, madrasa au ofisi ya wadi. Nayapanga kuanzia la bei rahisi.

La kwanza ni kuchora. Chora kila kifaa na kila waya, kisha weka kidole juu ya kimoja kimoja na uulize: hiki kikifa sasa hivi, nani anasimama? Mchoro wake ulituonyesha kwamba zahanati, yenye wagonjwa, ilikuwa mwisho wa mnyororo: ruta, swichi ya saiba, swichi ya chama, halafu swichi ya zahanati. Pete tatu kabla ya kumfikia mgonjwa. Kuibadilisha zahanati iunganishwe moja kwa moja juu hakukugharimu ila waya.

La pili ni stima. Swichi mbili kwenye kiendelezi kimoja cha stima ni swichi moja. Kila moja iwe na soketi yake na betri yake ya akiba, na betri zenyewe zipimwe, kwa sababu zinakufa kimyakimya.

La tatu ni swichi ya akiba kabatini. Kwa ofisi ndogo sana hii inashinda ufundi wote. Inunuliwe ya aina ileile, ipangwe mapema, na ibandikwe karatasi yenye mchoro wa waya gani unaingia tundu gani. Nusu siku ya kukwama inakuwa robo saa, na hata asiye fundi anaweza kuibadilisha.

La nne, kwa wanaotaka kupokezana bila mtu kugusa: swichi mbili za kati zenye kanuni ya RSTP, zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe, na kila swichi ya pembeni iwe na waya mmoja kwenda kwa kila moja ya hizo mbili. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Swichi zikiachwa zichague shina zenyewe, zote zina alama sawa, 32768, na zikilingana hushinda ile yenye namba ndogo ya kiwandani. Mara nyingi hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Unanunua swichi mpya mbili nzuri, na uongozi unashikwa na mkongwe wa pembeni aliyefunikwa na vumbi. Fundi aiteue shina kwa mkono: mpe 4096 kiongozi na 8192 naibu wake. Namba ndogo ndiyo yenye cheo.

La tano, matundu ya watumiaji wa kawaida yawekewe ulinzi, ili mtu akichomeka swichi yake au akifunga kitanzi kwa bahati mbaya, tundu lile peke yake lijifunge. Ulinzi huu ungelimwepusha yule msafishaji na lawama asizostahili. Na matundu yasiyotumika yazimwe.

La sita, kompyuta nyingi zina tundu moja tu la waya, kwa hiyo haziwezi kushikwa na swichi mbili. Zigawe. Dirisha la kwanza la malipo liwe swichi hii, la pili swichi ile. Moja ikifa, foleni inarefuka lakini haisimami.

La saba ni njia. Nyaya mbili ndani ya bomba moja zitaliwa na panya mmoja. Zipitishe kuta tofauti. Waya wa shaba usizidi mita 100, na kati ya jengo na jengo tumia faiba, kwa sababu shaba hubeba radi kutoka nyumba moja hadi nyingine na kuchoma vyote viwili kwa pamoja. Kwetu Pwani ongeza chumvi ya hewa, inayokula ncha za shaba mapema. Vivyo hivyo laini za intaneti: kuchukua makampuni mawili ambayo nyaya zao zimening'inia kwenye nguzo moja ya Mwihoko si kinga, kwani lori likiigonga nguzo zinakwenda zote. Chukua moja ya faiba na nyingine ya mnara wa simu.

La nane, na ndilo zito: jaribu. Siku moja kila mwezi, wakati wa wateja wachache, chomoa waya wa kazi uone. Zima swichi kiongozi uone. Andika tarehe ukutani. Njia ya akiba ina hila moja: ikifa wakati imelala, hakuna anayelalamika. Utakuja kuijua maiti siku unapoihitaji.

Gharama, na nani alipe

Najua jibu litakalokuja. Hakuna pesa. Mwenye saiba atasema faida yenyewe haimtoshi kodi ya nyumba, na kaunti itasema bajeti imekwisha. Nakubali kwamba si kila mtu anahitaji kila kitu. Saiba ya kuchapa barua ikikaa nusu siku bila mtandao, hasara ni ya mwenyewe na atajua namna ya kuibeba. Huyo swichi ya kabatini inamtosha. Lakini zahanati ikikaa nusu siku, hasara inabebwa na mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hakuulizwa waya upite wapi. Hapo ndipo mstari upitishwe. Kadiri hasara inavyomwangukia asiyekuwa na kauli, ndivyo akiba inavyokuwa wajibu.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya niliyoyataja hayana bei. Kuchora, kugawa kompyuta, kuteua shina, kupitisha waya ukuta mwingine, kujaribu kila mwezi: hayo ni kazi na nidhamu. Na katika vifaa, tofauti ya swichi isiyo na kanuni na yenye kanuni, kwa ofisi ndogo, ni shilingi elfu chache hadi makumi machache ya maelfu. Sherehe moja ya kukata utepe inakula zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kituo cha kidijitali kikija wadini kwako, au zahanati ya kaunti ikiwekewa mfumo mpya, usiridhike na kuhesabu kompyuta. Katiba imetupa haki ya kushiriki, na vikao vya maoni ya umma vipo. Nenda, na muulize mwakilishi wadi wako maswali matatu tu. Swichi moja ikifa, nani atabaki na huduma? Njia ya pili inapita wapi, na je, inaweza kukatwa na jambo lilelile litakaloikata ya kwanza? Na mara ya mwisho mlichomoa waya mkajaribu lini? Akikosa jibu la swali la tatu, mawili ya kwanza hayana maana.

Nayo mikataba ya zabuni iyaandike haya. Isitoshe kusema "mtandao uwekwe". Iseme kwamba mkandarasi, kabla ya kulipwa, atazima kifaa kimoja baada ya kingine mbele ya mashahidi, na huduma isikatike. Jaribio hilo la nusu saa lingetuepusha na vifaa vingi vya kupambia kuta.

Kisiwa cha Mombasa hakiishi kwa mlango mmoja. Nyali kuna daraja, Makupa kuna njia, Likoni kuna feri, na barabara ya Dongo Kundu imewapa wa Kusini njia ya kuzunguka. Feri ikikwama tunalalamika, lakini mtu wa Kwale bado anaweza kufika hospitali. Tuliyaelewa hayo katika barabara kabla hatujayaelewa katika nyaya.

Ijumaa iliyopita mpwa wangu alinipigia simu. Amepata swichi mbili zenye kanuni, moja mpya na moja ya mitumba, na amezifunga kwa njia mbili, moja ukuta wa mbele na nyingine wa nyuma. "Mjomba," akasema, "leo saa nne nimeuchomoa waya mkubwa makusudi, watu wamejaa."

Nikamuuliza watu wa zahanati wamesemaje.

"Hawakujua," akanijibu.